Mwezi Ule Chachu Walipokula Kobe

Kwanza niwatoe wasiwasi: sijui kupika pilau la watu mia mbili. Nalisema mapema kwa sababu mtaa wetu mzima wa Chuno uliamini najua. Nimefanya kazi miaka ishirini na kitu ndani ya chumba kilichobandikwa mlangoni neno "Jikoni", nikitoka humo kila jioni nanuka mvuke na sukari iliyoungua, na majirani wakajumlisha wenyewe. Binti wa jirani alipoolewa waliniletea kuku tisa, wazima, wamefungwa miguu, na ujumbe kwamba mchele uko njiani. Nikawaambia, jamani, mimi nawapikia vijidudu. Shangazi wa bibi harusi akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Kwa hiyo vijidudu unawapikia, sisi watu unatunyima?" Nikapika. Pilau likatoka bokoboko, watu wakalila kwa vijiko huku wanatazamana. Hawajaniomba tena, alhamdulillahi.

Mimi ni Bi Somoe, mzaliwa wa kijiji cha Mpapura, mstaafu. Nilikuwa fundi wa maabara kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na sehemu yangu ilikuwa kupika chakula cha wale tuliokuwa tunawachunguza: ukungu wa mikorosho, bakteria wa mihogo, na chachu. Nyinyi vijana mnaofanya kazi hiyo sasa mmenisimamisha ufukweni Shangani katikati ya matembezi yangu ya jioni, mkaniuliza siri ya visahani vya jeli visivyopasuka. Siri hakuna. Kuna makosa tu, mengi, na mengi yake ni yangu. Nitawaandikia lile kubwa kuliko yote. Nitazungukazunguka kidogo, mnivumilie, na mwenye haraka ana simu yake ya kuchezea.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kazimoto, mtu mfupi, mkali, suruali imepandishwa mpaka kifuani. Alinifundisha mambo matatu. La kwanza ni kupima joto la jeli, ile tunayooteshea vijidudu, kabla ya kuimimina kwenye visahani. Kipimajoto kilikuwepo, lakini kilikuwa kimoja na kilikuwa kimevunjika tangu kabla sijaajiriwa. Kwa hiyo unagusisha chupa sehemu ya ndani ya kiganja, pale mkono unapoanzia. "Ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kutukana," alisema, "mimina." Mpaka leo nahesabu hivyo kabla ya kumnywesha mjukuu uji.

La pili, bandika jina kwenye kila kopo, hata kama kopo ni la kwako, hata kama ndani mna hewa. Hili nililisikia, nikaitikia, nikalisahau, na mtaona lilivyonifanya.

La tatu lilikuwa sahani ya mjinga. Kila ukipika, lazima umimine kisahani kimoja chenye jeli na maji matupu, bila chakula chochote, halafu umpande humo huyo kijidudu wako. Asipoota, vizuri, mapishi yako ni sawa. Akiota, kuna kitu kimeingia kwenye chungu bila ruhusa. "Sahani hiyo inakuonyesha mjinga ni nani," Bwana Kazimoto alisema, "na mara nyingi ni wewe." Nilidhani ananitania. Sikujua kwamba ananiagua.

Chachu mnawajua. Hamira ya maandazi ni chachu. Wanaogeuza maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, kuwa uraka, pombe ya kwetu, ni chachu. Mimi huwataja kama watu, msinisahihishe, nimewapikia miaka mingi kuliko nilivyompikia marehemu mume wangu, na hawakuwahi kusema chumvi imezidi. Chachu akiwa ameshiba ni kiduara. Anachipua mtoto ubavuni, mtoto anakua, anajitenga, anaanza maisha yake. Sasa mwachie sukari, lakini mnyime naitrojeni, ile ya kujengea mwili, uone vituko. Mtoto hajitengi tena. Anarefuka, anabaki amemng'ang'ania mama, naye anachipua wake, na huyo naye anang'ang'ania, mpaka unapata uzi mzima wa ukoo, unatambaa na kuchimba ndani ya jeli kutafuta riziki. Nilipouona uzi huo mara ya kwanza kwenye hadubini nilimkumbuka bibi yangu. Alinisimulia jinsi mwaka wa njaa ukoo mzima ulivyoshika njia moja kuingia porini kuchimba ndiga, vile viazi pori vyenye sumu, kila mmoja kashika nguo ya aliye mbele yake asipotee. Nikasema, ala, kumbe hawa ni watu wa kwetu!

Anayetoa amri ya kufanya hivyo ni jeni, maagizo yaliyoandikwa ndani ya kila chachu. Ziko jeni zinazosikia njaa, ziko zinazopeleka habari, na iko moja inayomwamuru chachu atengeneze gundi ya kushikana na mwenzake. Hiyo ya gundi ndiyo iliyomleta Neema Mtwara.

Neema alikuwa binti wa Kilimanjaro, mwanafunzi wa chuo kikuu, mwembamba, miwani mikubwa, anacheka kwa mabega. Alikuja mara mbili, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mara ya kwanza alitaka chachu wa porini, wale wakali, si hawa wa pakiti waliozoea kudekezwa. Nikamwambia twende kwetu Mpapura, msimu wa mabibo umepamba moto, kila kona kuna uraka unachacha.

Wanangu, mimi tangu nizaliwe uraka sijauonja. Lakini siku ile nilirudi mjini kwa baiskeli, nyuma nimefunga madumu mawili ya uraka yaliyofunikwa kanga, vifuniko nimevikaza kwa nguvu zangu zote ili isisikike harufu. Njiani nakutana na nani? Mwalimu Abdala, aliyenifundisha Kurani utotoni, katika kanzu nyeupe pe, anakwenda kwenye maziko. Nikashuka kumwamkia kwa adabu. "Shikamoo, Mwalimu." Kabla hajaitikia marahaba, kifuniko kikafyatuka puu! kikapita sikioni kwake, na uraka ukamrukia kifuani wote, povu na makapi.

Alisimama anachuruzika uraka. "Somoe," akasema, "hii nini?"

"Utafiti, Mwalimu."

"Utafiti unanuka hivi?"

Ikabidi arudi nyumbani kubadilisha kanzu, na mazikoni alifika watu wanafukia. Tangu siku hiyo kila akiniona, hata msibani, hunisogelea na kuninong'oneza, "Utafiti unaendelea?" Kwa hiyo nyie mnaobeba kitu kinachochacha, kifuniko legezeni. Chachu wanapumua, na pumzi yao wakiikosea njia wataitafutia nyingine, hata kama ni kifuani kwa mwalimu wako.

Katika dumu lililobaki Neema alipata chachu mmoja hodari, akamchukua kwenda naye chuoni. Mwaka uliofuata akarudi na wawili, ndani ya boksi la barafu alilolipakata siku mbili nzima kwenye basi. Walikuwa pacha. Mmoja alikuwa yuleyule wa Mpapura, mzima. Wa pili alikuwa nakala yake, ila ile jeni ya gundi imekatwa. Nikawapa majina hapohapo: mzima Kulwa, aliyekatwa Doto. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unawanyima wote wawili sawasawa. Kulwa anatakiwa atoe nyuzi. Doto, ingawa ana njaa ileile, anatakiwa abaki kiduara, kwa kuwa gundi hana. Hapo umeonyesha kwamba jeni hiyo ndiyo yenyewe.

Lakini Neema alikuwa amekwishashindwa mara mbili kule chuoni, na Profesa wake alikuwa amechoka. Alimwambia hii ya Mtwara ndiyo ya mwisho. Angekuja mwenyewe siku ya tatu baada ya Idd. Akiziona nyuzi, Neema anaendelea na shahada. Asipoziona, basi, arudi nyumbani. Na nyumbani, Neema alinieleza, kulikuwa na duka la baba yake la misumari na mabati, na nyuma ya kaunta kiti ambacho baba alikwishakinunulia mto.

"Mto wa rangi gani?" nikamuuliza, kwa kuwa mimi nina udadisi wa kijinga.

"Wa kijani, Mama. Una maua." Akaanza kulia.

Nikamwambia, mwanangu, wewe mto huo hutaukalia, mimi nipo. Neno "mimi nipo" nalijutia mpaka leo.

Ramadhani mwaka ule iliangukia mwanzo wa mvua za Desemba. Sisi wenye mji tumefunga. Neema ni Mkristo, hafungi, lakini kwa heshima alikuwa anakula ndizi zake amejibanza nyuma ya kabati la joto, lile la kuoteshea vijidudu, kisha anatoka anajipangusa midomo kama mwizi wa sukari. Nilimwambia ale wazi, hakuna atakayemlaumu. Akakataa, akasema Mzee Nampoto anamtazama.

Mzee Nampoto alikuwa mlinzi wetu wa getini, mzee wa Kimakonde, mcha Mungu, mwoga wa kila kitu isipokuwa majambazi. Nami kila Ramadhani nilikuwa na kawaida ya kuweka kopo la unga wa ngano rafuni kule jikoni, sadaka yake ya uji wa kufuturu. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga. Sasa, agari yetu, ule unga mweupe unaogandisha jeli, mfuko wake ulikuwa umepasuka na hewa ya bahari inauharibu. Nikauhamishia kwenye kopo. La maziwa ya unga. Nikaliweka rafuni. Jina sikubandika.

Mmeshacheka. Subirini.

Siku moja, Neema amekwenda Mpapura kutafuta ndugu wengine wa Kulwa, namwona Mzee Nampoto asubuhi anakuja na sufuria kaishika mbali na mwili wake.

"Bi Somoe," akasema, "hapa pana nkono wa ntu."

Akaipindua sufuria juu ya sinia. Uji ukatoka mzima mzima, umbo la sufuria, ukasimama. Ukatikisika kidogo, kisha ukatulia unatutazama. Katikati mlikuwa na mwiko, umesimama wima, hautoki.

Akanisimulia. Jana alasiri alitia unga kwenye maji ya moto, akakoroga, uji ukabaki maji. Akaongeza unga. Maji. Akaongeza tena, anakoroga na anasoma ayatul kursiyyu. Maji matupu. Akamalizia kopo zima, akaepua, akakata tamaa, akaenda kuswali. Alivyorudi akakuta mwiko umekamatwa. Masikini ya Mungu, hakuna aliyemwambia kwamba agari haigandi ikiwa ya moto, inangoja ipoe ndipo ikushike. Alifuturu kwa tende tatu na hofu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka ghafla, maana nilikumbuka hiyo ndiyo ilikuwa agari yetu yote. Dar es Salaam ndiko inakotoka, na barabara ya Dar mvua ilikwishaila, mabasi yamelala kwenye tope. Neema angerudi kesho yake kuanza kazi. Nikaona ule mto wa kijani wenye maua, nauona hivi.

Hapo ndipo nilipopata akili. Ogopeni sana mkipata akili mkiwa na njaa saa nane ya mchana. Nilikumbuka Bwana Kazimoto aliwahi kuniambia kwamba agari hutengenezwa kwa mwani. Na mwani Mtwara si wa kuuliza: shoga yangu mmoja wa Msanga Mkuu, ng'ambo ya ghuba, alikuwa analima mwani, anaanika magunia kwa magunia. Nikavuka kwa mashua, nikaupata wa kutosha, nikauchemsha usiku kucha, nikachuja kwa kanga mpya mara tatu, nikapoza. Ikaganda! Rangi ya chai ya rangi, laini kidogo kuliko agari ya dukani, lakini imeganda. Nikajiona mimi ndiye profesa.

Neema sikumwambia. Sitawadanganya, halikuwa suala la kusahau. Niliona haya kwa lile kopo, na nilitaka anisifu bila kujua anasifia nini. Kuhusu rangi, nikamwambia agari za siku hizi ndivyo zilivyo. Kuhusu harufu, mtoto wa watu akakinusa kisahani akauliza, "Mama, mbona vinanuka pwezi?"

"Upepo wa bahari, mwanangu," nikasema. Na nimefunga.

Tukapanda Kulwa na Doto kwenye visahani vya njaa: sukari ipo, naitrojeni karibu na hakuna. Siku ya nne Neema akatazama kwenye hadubini. Doto kiduara. Sawa. Kulwa kiduara. Tena kiduara kinene, kinang'aa, kina wajukuu. Hakuna uzi hata mmoja.

Akarudia kila kitu upya. Alipima chumvi yake ya naitrojeni mara tatu, akabadilisha maji, akasugua kabati la joto na sabuni. Mzee Nampoto akapendekeza tuhame chumba, kwa sababu kilichofanya uji ndicho kinachofanya hivi, na ukweli ni kwamba kati yetu sote yeye ndiye aliyekuwa karibu na jibu. Siku nne nyingine zikapita. Viduara. Neema aliacha kula hata zile ndizi. Mchana namkuta amekaa nyuma ya kabati la joto anakodolea ukuta, na usoni mwake nilishaliona lile duka, misumari, mabati, kiti na mto wake.

Idd ilikuwa imebaki wiki moja na siku mbili. Alasiri hiyo nipo jikoni nasafisha chupa, Neema akaingia na kisahani kimoja mkononi. Ilikuwa sahani ya mjinga. Mkono wangu uliizoea, niliimimina kila nilipopika bila hata kufikiri, naye alimpanda Kulwa humo akaisahau. Jeli na maji matupu. Hakuna sukari, hakuna chumvi, hakuna chochote.

Kulwa alikuwa ameota. Vidoa vidogo vidogo, lakini vinene.

"Mama," akasema taratibu, "humu hamna chakula. Wanakula nini?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua hapohapo. Agari ya dukani huwa imeoshwa na kusafishwa mpaka haina ladha ya kitu. Mwani wangu nilikuwa nimeuchemsha na kila kilichokuwemo, chumvichumvi zake, uchafu wake wenye rutuba, supu ya bahari nzima. Siku nane Neema anawanyima chachu mbele, na mimi nawalisha kwa mlango wa nyuma. Nikamwazia Mzee Nampoto, nikaona naweza kumtwika yeye. Halafu nikamwona Neema ameshika kile kisahani kwa mikono miwili, na miwani imeteleza mpaka ncha ya pua. Sikuweza.

Nikamwambia yote. Kopo, uji, Msanga Mkuu, kanga. Nilisema nimetazama sakafu.

Akakaa juu ya ndoo. Nikasikia mvua inaanza juu ya bati.

"Kwa hiyo haukuwa upepo wa bahari," akasema.

"Haukuwa."

"Siku nane, Mama. Siku nane nimejiona mimi ndiye sina akili."

Hilo lilinichoma kuliko matusi. Nikalia, na yeye akalia, kila mtu na ndoo yake. Nikamwomba msamaha, nikamwambia atakaponishitaki nitaitikia. Halafu nikaropoka tu, maana mimi nikibanwa na huzuni naropoka: "Mwanangu, hawa chachu wametufanya wajinga. Kumbe mwezi mzima wanakula kobe!"

Akaniuliza kula kobe ni nini. Nikamweleza kwamba ndivyo tunavyomsema mtu anayejidai amefunga, usoni amenuna kwa swaumu, kumbe mchana anajificha anakula. Akanitazama. Kisha akageuka kutazama kabati la joto, na nyuma yake yale maganda yake ya ndizi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani kilio kimezidi. Kumbe anacheka, anacheka na makamasi yanamtoka, na mimi nikaanza, na Mzee Nampoto akaja kuchungulia mlangoni, akasema "Astaghfirullah" akaondoka mbio.

Tulipotulia akauliza, "Sasa tunafanyaje? Agari hakuna, na siku zimekwisha."

Ndipo nilipomkumbuka tena bibi yangu na ndiga wake. Ukimla ndiga hivihivi, unakufa. Bibi alikuwa anamkata vipande vyembamba, anamtia kikapuni, anamlaza kwenye maji yanayotembea siku tatu, mpaka sumu yote iondoke kibaki kile kisicho na ladha. Watu walipona njaa kwa kuosha tu. Nikasema, kama bibi aliweza kuosha sumu, mimi nitashindwa kuosha shibe?

Tukaigandisha jeli ya mwani, tukaikata vipande vyembamba kama kucha, tukaitia kwenye kikapu kipya, tukakining'iniza ndani ya pipa la maji ya mvua, na maji tukayabadilisha kila baada ya swala. Mvua iliyotufungia barabara ndiyo hiyohiyo ikatuoshea. Siku ya tatu tukaisuuza kwa maji yaliyokenekwa, yale yasiyobaki na kitu ndani, mara kumi nilihesabu mwenyewe. Rangi ilipungua, pwezi akaondoka. Nikaiyeyusha, nikamimina sahani ya mjinga kwanza, Neema akampanda Kulwa. Siku mbili tunachungulia kama watu wanaotafuta mwezi mwandamo. Hakikuota kitu. Sijawahi kufurahi hivyo kuona mtu kalala na njaa.

Ndipo tukawapanda Kulwa na Doto kwenye visahani vipya. Nilibandika majina kila upande, juu, chini, na ubavuni.

Idd ikaja, tukala, Neema akala biriani yangu kwa kulazimishwa. Siku ya tatu Profesa akashuka kwenye ndege, mrefu, koti zito, jasho linamtiririka, hana muda wa chai. Neema alikuwa bado hajafungua kabati. Aliogopa, alisema akifungua kabla yake na asione kitu hataweza kusimama. Akaviweka visahani viwili chini ya hadubini bila kutazama.

Profesa akainama. Akatazama sana. "Hakuna kitu hapa," akasema.

Neema akashika meza. Mimi nikatazama jina kwenye kisahani. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Huyo ni Doto, mheshimiwa! Kulwa yuko kushoto!"

Akasogeza. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akatazama tena. Akaomba kiti. Alipokaa akamsogeza Neema atazame, na mimi nikachungulia baada yake bila kuombwa. Nyuzi, wanangu! Zimetoka pande zote, ndefu, zinang'ang'aniana mama na mtoto na mjukuu, zinachimba jeli ya mwani wa Msanga Mkuu kutafuta riziki. Na Doto pembeni, njaa ileile, kiduara kimetulia hakina habari.

"Jeli hii mbona ina rangi?" Profesa akauliza.

Neema angeweza kusema chochote. Mimi ningesema upepo wa bahari. Yeye akasema, "Ni mwani, Profesa, umeoshwa siku tatu. Kabla ya kuoshwa uliharibu majaribio mawili. Yote nimeyaandika."

"Nani aliyeuosha?"

"Bi Somoe huyu."

"Na aliyeharibu?"

Neema akajifanya anapanga visahani. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasa la pili. "Bi Somoe huyuhuyu, mheshimiwa."

Profesa alicheka mpaka koti likamshinda, akalivua. Akamwambia Neema aandike namna ya kuosha kwa urefu, na tarehe ya kurudi chuoni akampa palepale. Jioni ile Neema alimpigia simu baba yake kuhusu ule mto. Wakaamua kwamba mama ndiye atakayeukalia.

Sasa, sheria ya maabara mnaijua: kazi ikiisha, visahani vinachemshwa kwanza ndipo vinatupwa. Nilishatia maji kwenye sufuria ya presha. Nikamchukua Kulwa, nikamrudisha mezani. Nikamchukua tena. Neema alikuwa anafunga mizigo, akaniona.

"Mama," akasema, "Idd imepita siku tatu. Hawa bado wamefunga."

Hatukusema zaidi. Nilileta chupa ya chakula kizuri, kile chenye kila kitu, na yeye akadondosha tone baada ya tone kwenye ncha za nyuzi. Tukawarudisha kwenye joto. Basi lake lilikuwa mchana wa kesho yake, barabara imefunguka. Asubuhi alikuja mapema, hata getini hakuamkia, akaenda moja kwa moja kwenye hadubini.

"Mama Somoe," akaniita, na sauti yake haikuwa sawa. "Njoo uone. Wameshiba."

Nikainama. Kwenye ncha ya kila uzi palikuwa na viduara vipya, vinene, vimejitenga na mama zao, kila kimoja na maisha yake. Sikuweza kuona vizuri kwa machozi. Neema alinikumbatia, nami nikamkumbatia kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulikuwa umeshika ile sufuria ya kuwachemshia.